Maji yameondoka, sukari imebaki: je, matunda makavu ni kitafunwa cha afya?

Chukua pakiti ya gramu 100 ya embe kavu kwenye rafu ya duka. Mbele imeandikwa kwamba haina sukari iliyoongezwa. Igeuze usome jedwali la nyuma: sukari, gramu 65 na ushei. Hapo mnunuzi hukunja uso akijua ametapeliwa. Hajatapeliwa. Maneno ya mbele ni kweli, na tarakimu za nyuma nazo ni kweli. Ukishaona yanavyokaa pamoja, ubishi mwingi kuhusu matunda makavu unakwisha hapo hapo.

Embe bivu, likishamenywa na kutolewa kokwa, ni maji kwa asilimia 83 hivi. Kwa hiyo katika gramu 500 za nyama ya embe, maji ni gramu 415, na vyote vilivyobaki, yaani sukari, nyuzinyuzi, asidi na madini, ni gramu 85. Mkaushaji analitoa embe maji mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 15. Zile gramu 85 haziendi popote. Zinabaki pale pale na gramu 15 za maji, jumla gramu 100: ndiyo hiyo pakiti uliyoishika. Sasa, embe bivu lina sukari karibu gramu 14 katika kila gramu 100, maana yake nusu kilo ilikuwa na gramu 68 au 70. Zote zimo kwenye pakiti. Kijiko cha chai cha sukari, kikisawazishwa, ni gramu 4. Ni vijiko 17, na hakuna mtu aliyetia hata kimoja.

Embe la wastani lina nyama ya gramu 200. Pakiti moja basi ni maembe mawili na nusu. Utayala yote kwa mkao mmoja? Ukiuliza mwezi wa Desemba, wengine watajibu ndiyo bila kupepesa macho. Lakini watayala kwa kumenya, kwa kunyonya kokwa, kwa kujifuta maji ya embe yanayochuruzika mpaka kiwikoni, na karibu nusu lita ya maji itakaa tumboni ikiwaambia basi, imetosha. Pakiti ya embe kavu huisha kabla daladala haijatoka Ubungo kufika Mwenge, na tumbo halijapata habari.

Zabibu nazo ni hivyo hivyo. Kilo nne na kitu za zabibu za kichala ndizo zinazotoa kilo moja ya zabibu kavu. Gramu 100 za zabibu za kichala zina kilokalori 70 hivi. Gramu 100 za zabibu kavu zina kilokalori 300. Mtu akikuambia zabibu kavu "zina kalori mara nne", hajakosea, ila amelinganisha ndoo na kikombe.

Hapa ndipo pande zote mbili za ubishi huteleza kwa namna moja. Anayezisifu husema embe kavu lina nyuzinyuzi mara tano ya embe bivu na potasiamu mara tano. Anayeziponda husema lina sukari mara tano. Wote wawili wamepima gramu 100 kwa gramu 100, kipimo ambacho hakuna anayekila sawa. Ukila vipande vinavyotokana na embe moja, umekula sukari ya embe moja, nyuzinyuzi za embe moja na potasiamu ya embe moja. Ukikubali hesabu hiyo kwenye sifa, ikubali na kwenye lawama.

Kipimo ni ukufi, si pakiti

Huduma ya afya ya umma ya Uingereza, NHS, huhesabu gramu 30 za tunda kavu kuwa sawa na sehemu moja ya gramu 80 za tunda la kawaida. Gramu 30 ni kijiko kimoja cha mezani cha zabibu kavu kilichojaa kwa kilima, au plamu kavu tatu, au tini kavu mbili, au vipande vinne hadi sita vya embe kavu kutegemea unene. Kwa mkono ni ukufi mmoja wa mtu mzima, tena usiofurika. Ukufi huo wa zabibu kavu una kilokalori 90 na sukari gramu 18 hadi 20.

Tende ndizo zinazowachanganya watu zaidi, kwa sababu tunazihesabu kwa idadi. Tende tatu si tende tatu. Tende ndogo za kawaida, zile ngumu kidogo za kwenye maboksi, huwa na gramu 7 hivi bila kokwa na sukari gramu 4 hadi 5 kila moja. Tende ya Medjool, ile kubwa, nyororo na ya bei, ina gramu 24 na sukari gramu 16. Anayefuturu kwa tende tatu ndogo amepata sukari gramu 14 hivi. Anayefuturu kwa Medjool tatu amepata gramu 48, vijiko 12, kabla hajagusa uji wala tambi. Kwa mtu mzima aliyefunga kutwa na mwenye afya, tende tatu ndogo na maji ni mwanzo mzuri kabisa wa mlo: sukari inapanda, kiu inapozwa, na tumbo halikushtuliwa na bajia za moto. Anayeishi na kisukari inabidi ajue anashika tende ya aina gani.

Sukari hiyo inahesabiwaje?

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati anayokula mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni heri zaidi. Kwa anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50, na ikishushwa ni gramu 25. Sukari huru ni ile inayotiwa jikoni, mezani au kiwandani, pamoja na asali, shira na juisi ya matunda. Sukari iliyofungwa ndani ya tunda zima haimo. Uingereza, katika ufafanuzi wake, inaiacha nje pia sukari ya tunda lililokaushwa likiwa zima, lakini inaihesabu mara tunda linaposagwa kuwa rojo, uji mzito au unga. Kwa hesabu hiyo tende ni tunda, lakini asali ya tende ni sukari, hata chupa iandikwe nini.

Kuna mantiki hapo. Tunda kavu bado lina kuta za seli zake, meno yana kazi, na sukari inatoka polepole kidogo. Ndiyo maana kwenye kipimo cha kasi ya kupandisha sukari ya damu, ambapo glukosi ni 100 na mkate mweupe ni 70 na kitu, zabibu kavu na tende mara nyingi huangukia kati ya 40 na 65. Plamu kavu na aprikoti huwa chini zaidi. Wengi hushangaa kusikia kwamba zabibu kavu haziupiti mkate mweupe. Lakini kasi si kiasi. Mwenye kisukari anayepanga wanga wake kwa mafungu ya gramu 15 ajue kwamba vijiko viwili vya mezani vya zabibu kavu, vilivyosawazishwa, tayari ni fungu zima, sawa na slesi moja ya mkate. Akila zabibu, slesi ikae pembeni.

Kinachopotea na kinachobaki

Vitamini C ndiyo ya kwanza kuondoka, kwa kuwa joto na hewa vyote ni adui zake. Embe lililoanikwa juani siku mbili tatu halitakupa vitamini C ya maana, hivyo usilitegemee kwa hilo. Beta-karotini, ile rangi ya machungwa ambayo mwili huigeuza vitamini A, hustahimili joto vizuri zaidi lakini huliwa na mwanga. Ndiyo maana embe lililokaushwa ndani ya kaushio lenye kivuli hubaki na karotini nyingi kuliko lililotandazwa wazi. Potasiamu, magnesiamu na nyuzinyuzi hazina pa kwenda.

Halafu kuna habari ya damu. Karibu kila kliniki ya wajawazito utasikia kina mama wakiambizana wale tende na zabibu kavu "kuongeza damu". Tuhesabu. Zabibu kavu zina madini chuma miligramu 1.9 kwa kila gramu 100, kwa hiyo ukufi wa gramu 30 una miligramu 0.6. Tende tatu ndogo hazifiki miligramu 0.3. Mjamzito, kwa viwango vya Marekani, huhitaji miligramu 27 kwa siku. Sahani ya maharage yaliyopikwa, gramu 200, humpa miligramu 4 au 5. Ale tende kwa sababu ni tamu na humpa nguvu, si kwa kuamini zinachukua nafasi ya vidonge alivyopewa.

Pa kuzisifu bila kigugumizi ni tumboni. Plamu kavu zina nyuzinyuzi na pia sobitoli, kitu kitamu cha jamii ya sukari kinachovuta maji ndani ya utumbo, karibu gramu 15 katika kila gramu 100. Plamu nne au tano jioni na glasi ya maji huwasaidia wengi wenye choo kigumu. Kumi na tano zitamsaidia mtu kupita kiasi.

Kilichoongezwa

Yote hayo yanahusu tunda lililokaushwa likabaki tunda. Vingi vinavyouzwa kwa jina hilo vimepitia mengine. Nanasi na papai la vipande vya mraba vinavyong'aa, aghalabu vimelowekwa kwenye shira nzito kwanza, shira ikaingia na maji yakatoka, ndipo vikakaushwa. Kranberi, kwa kuwa ni chachu ajabu, karibu zote zinazouzwa kavu zimetiwa sukari. Usiamini picha ya mbele, soma viambato. Huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kizito kwanza. Pakiti nzuri ya embe kavu ina neno moja tu hapo: embe. Ikiwa "embe, sukari, asidi ya sitriki", umenunua pipi yenye embe. Ikiwa sukari ndiyo ya kwanza, basi embe limealikwa tu.

Krispi za ndizi ni kisa kingine kabisa. Ndizi iliyokaushwa kweli ni ya kahawia, inanata, inatafunika kama ngozi laini. Krispi za ndizi zinavunjika kwa sauti, na sauti hiyo ni ya mafuta. Zikikaangwa kwa mafuta ya nazi, gramu 100 zina kilokalori zaidi ya 500 na mafuta gramu 30 na kitu, karibu yote yakiwa mafuta yanayoganda. Si sumu, lakini ziwekwe kwenye fungu la viazi vya kukaanga.

Sasa tuje kwa ubuyu, maana hapa pwani ndio tunda kavu la kwanza analolijua mtoto. Mbuyu ni wa ajabu: tunda lake hujikausha lenyewe likiwa mtini, ndani ya kifuu chake, bila jua la kuanikwa wala kaushio. Unga mweupe unaozunguka mbegu una nyuzinyuzi zaidi ya gramu 40 kwa kila gramu 100, na vitamini C ambayo, kutegemea mti na mahali, hupimwa kuanzia miligramu 150 hadi karibu 500. Mtu mzima huhitaji miligramu 45 tu kwa siku kwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Umoja wa Ulaya uliuruhusu unga huu kama chakula kipya mwaka 2008; kwetu haukuwa mpya. Kijiko kimoja viwili vya unga mtupu ndani ya maji baridi au mtindi, na huwezi kupata tunda kavu bora zaidi. Usiuchemshe, joto litaiharibu vitamini C.

Lakini ubuyu wa Zanzibar, au mabuyu kama wasemavyo Mombasa, ule mwekundu unaoacha rangi kwenye ulimi na vidoleni, hutengenezwa hivi: sukari na maji huchemshwa mpaka shira inate, hutiwa rangi, iliki, vanila, chumvi kidogo na pilipili kwa wapendao, kisha mbegu zenye unga wake humiminwa na kugeuzwa mpaka kila moja ivae koti. Kwa kila kilo ya ubuyu hutiwa nusu kilo ya sukari, na wengine huzidisha. Wengi husimama hapo wakasema, basi sukari ni theluthi. Sivyo, kwa sababu mbegu hatuli, tunazitema. Katika kilo moja ya ubuyu, mbegu ndizo nzito kuliko unga. Tukisema unga ni theluthi, yaani gramu 330 hivi, basi kinachomezwa ni unga gramu 330 na sukari gramu 500. Mtoto anamung'unya sukari yenye ubuyu, tena kwa muda mrefu, mbegu moja baada ya nyingine, na hilo kwa meno ni baya kuliko hata kiasi chenyewe. Kuhusu rangi, mifuko midogo ya mtaani haina lebo, kwa hiyo huwezi kujua ni ipi iliyotumika. Ulaya, tangu 2010, vyakula vyenye rangi sita fulani za kutengenezwa, nyekundu zikiwamo, lazima viandikwe onyo kuhusu utulivu wa watoto. Achari ya embe ya rangi na pilipili iwekwe kwenye kapu hilo hilo. Ni utamu wa sikukuu na wa baada ya madrasa, na hakuna anayetaka kuuondoa duniani; usiitwe tu tunda.

Salfa

Aprikoti kavu yenye rangi ya machungwa inayong'aa imefukizwa au kulowekwa kwa salfa. Isiyotiwa huwa ya kahawia kama karameli. Zabibu za dhahabu ni vivyo hivyo, na embe kavu la njano ya kung'aa lililokaa miezi kadhaa bila kubadilika lina haki ya kutiliwa shaka. Kwenye lebo tafuta salfa dayoksaidi, metabaisalfaiti ya sodiamu au ya potasiamu, ama herufi E na namba kuanzia 220 hadi 228. Kanuni za Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, zinataka itajwe ikifika miligramu 10 kwa kilo.

Kazi yake ni kuzuia weusi na vijidudu, na hata huilinda vitamini C, ingawa huiharibu vitamini B1. Kwa wengi haina neno. Kwa baadhi ya wenye pumu inaweza kubana kifua ndani ya dakika chache. Na watoto? Kiwango kinachokubalika kwa siku kilichowekwa na wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.7 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 15 fungu lake ni miligramu 10.5. Ulaya inaruhusu aprikoti kavu kuwa na hadi miligramu 2,000 kwa kilo. Hata tukichukua nusu ya hapo, aprikoti nne, yaani gramu 30, zina miligramu 30: mara tatu ya fungu lake. Mara moja haitamdhuru. Kila siku kwenye kikopo cha shule, mnunulie za kahawia.

Meno, figo na koo

Tunda kavu hunata. Linakaa kwenye mikunjo ya magego na kuwalisha bakteria muda mrefu baada ya wewe kusahau. NHS inashauri lililiwe pamoja na mlo badala ya katikati ya milo, kwa sababu hii. Ushauri huo unaliuma swali letu penyewe: kitafunwa, kwa jina lake, huliwa katikati. Ukilila katikati, lila kwa mara moja, si kudonoa zabibu mbili mbili kutwa nzima mezani kwa kazi, kisha sukutua kwa maji. Pamoja na karanga au korosho ni bora zaidi, mafuta na protini vinashibisha, ukufi mmoja unatosha kweli.

Mwenye ugonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asile bila kumuuliza mtaalamu wake. Aprikoti kavu ina zaidi ya miligramu 1,100 kwa gramu 100, na tende 650 na zaidi. Watoto wa chini ya miaka minne wasipewe zabibu kavu nzima wala vipande vigumu, huweza kuwapalia. Zikatwe, au zilowekwe mpaka zilainike na kupondwa kwenye uji.

Na yote haya hulinganishwa na nini? Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari gramu 32 na haina kingine. Pembeni ya soda na biskuti za krimu, ukufi wa zabibu kavu unashinda bila jasho. Pembeni ya chungwa lililomenywa kwa mkokoteni wa jirani, unashindwa, tena kwa bei ya juu. Muheza machungwa yakiwa yamejaa, kununua matunda makavu kwa ajili ya afya ni kujitafutia gharama. Msimu ukiisha, au safarini, shambani, bwenini, mahali ambapo tunda bivu litapondeka au halipo, kavu ndilo jibu.

Ukikausha mwenyewe

Maembe kumi ya kilo moja moja, ukitoa ganda na kokwa, hubaki nyama kilo 5 na nusu hivi, na hiyo hutoa takriban kilo 1 ya embe kavu. Ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana bei ya chee mno iangaliwe mara mbili.

Chagua yaliyoiva lakini bado yana ukinzani yakibonyezwa. Yaliyolainika hugeuka rojo kwenye trei, na yenye nyuzi nyingi hutafunika kama kamba. Ngowe, dodo au kenti hufanya vizuri. Osha kabla ya kumenya, si baada. Kata vipande vya milimita 5 hadi 8, vyote unene mmoja, maana vyembamba vitakuwa vimekauka kau huku vinene vingali vibichi katikati. Vitumbukize dakika 10 kwenye maji ya lita 1 yenye kikombe 1 cha maji ya ndimu au limau ili visiwe vyeusi. Vitandaze bila kugusana juu ya wavu wa nailoni ya chakula au chuma kisichoshika kutu. Wavu wa bati lililopakwa zinki usitumie, asidi ya embe huila.

Joto ni nyuzi 55 hadi 60. Makosa mengi huzaliwa hapa. Mtu ana haraka, anaanza na nyuzi 80 kwenye oveni: ngozi ya juu inakauka na kujifunga, unyevu wa ndani unakosa njia, kipande kinaonekana kimekamilika. Wiki ya pili kina ukungu. Kosa la pili ni la pwani. Kuanika wazi juani kunahitaji joto la nyuzi 30 na kupanda, na hewa yenye unyevu chini ya asilimia 60. Dodoma ya Septemba inakubali. Tanga, Unguja na Mombasa, hewa mara nyingi ina unyevu wa zaidi ya asilimia 70. Embe linakauka mchana, usiku linakunywa tena. Huko tumia kaushio la sola lenye tundu la hewa chini na juu, au oveni yenye feni, mlango ukiachwa wazi kidogo ili mvuke utoke.

Usikisie kama limekauka, pima. Kilo 1 ya vipande ulivyoviingiza itoke na gramu 200 hivi. Ikitoka na 300, bado. Bila mizani, kata kipande kilichopoa katikati na kikamue: kisitoe tone, kikunjike bila kuvunjika, kisinate kidoleni.

Halafu kuna hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Jaza chupa ya kioo theluthi mbili, funga, itikise kila siku kwa siku 7 hadi 10. Vipande vilivyobaki na unyevu vitawagawia vikavu, vyote vitalingana. Ukiona matone upande wa ndani wa kioo, rudisha vyote kwenye kaushio siku hiyo hiyo. Vilivyoanikwa nje huwa na mayai ya wadudu yasiyoonekana. Vitie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa 48, au oveni ya nyuzi 70 kwa nusu saa.

Mahali penye nyuzi 15, matunda haya hukaa mwaka. Kwenye nyuzi 27, ambazo ni za kabati la kawaida la jikoni pwani, hesabu miezi sita, gizani na bila hewa. Vumbi jeupe likijitokeza juu ya tende au tini usikimbilie kuzitupa. Chovya moja kwenye maji ya vuguvugu: likiyeyuka ni sukari iliyopanda juu na kuganda, unaweza kuzila. Likibaki kama manyoya, au likinuka kama chumba kilichofungwa masika nzima, ni ukungu, na baadhi ya ukungu wa tini na zabibu kavu huacha sumu za jamii ya ile ya mahindi mabovu, ambazo kuosha wala kupika hakuziondoi. Usichague kipande kizuri kizuri. Tupa chupa yote.